Mawimbi ya Ufeministi: Uliza Kwanza Nani Alikuwa Zamu

Ninyi mnaoanza masomo ya jinsia mtapewa mapema jedwali la mawimbi, yaani vipindi vya harakati za ufeministi: la kwanza kura, la pili kazi na mwili, la tatu utambulisho, la nne mitandao. Likaririni, mtihani utaliuliza. Ila msiliandikie insha. Nimesahihisha insha nyingi za mwaka wa kwanza, na zile zilizochotwa kwenye jedwali hujulikana tangu aya ya kwanza: ndani yake hakuna mtu anayedamka kwenda kibaruani.

Mimi hushauri hivi. Kwa kila wimbi, tafuta dai moja la mwanamke wa kiwandani au mfagiaji wa ofisi, ulifuate uone lilifika wapi na ni nani aliyeliacha njiani.

Tuseme umechagua Uingereza. Utasoma kwamba mwaka 1918 wanawake walipata kura. Walioipata ni wenye miaka 30 na zaidi, tena waliotimiza sharti la mali, wao wenyewe au kupitia waume zao. Mabinti wengi waliojaza baruti kwenye makombora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hawakufikia umri huo; wakangoja hadi 1928. Na si kwamba harakati hazikuwa na wafanyakazi. Annie Kenney, mmoja wa viongozi wa kudai kura, aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Sylvia Pankhurst alitolewa mwaka 1914 katika chama cha kudai kura kilichoongozwa na mama yake na dada yake, kwa kuwa alishikamana na wanawake maskini wa mashariki ya London na wanaharakati wa wafanyakazi. Vita vilipoanza, kundi lake liligeuza baa moja kuwa kituo cha kulelea watoto. (Uzeeni alihamia Ethiopia, kaburi lake liko Addis Ababa.)

Wimbi la pili ndilo msilikimbilie. Wengi huanza na kitabu cha Mmarekani Betty Friedan cha 1963, kuhusu mama wa nyumbani aliyesoma na kuchoshwa na jiko. Mwaka 1984 bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani, aliuliza: huyo akitoka kwenda kazini, nani ataitwa kulea watoto wake? Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa swali hilo.

Mimi ningeanzia Dagenham, mashariki ya London, Juni 1968. Mafundi cherehani 187 walioshona vitambaa vya viti vya magari ya Ford waligoma. Kampuni ilikuwa imewapanga daraja la B, la wasio na ujuzi mkubwa, na hata humo walilipwa asilimia 85 ya ujira wa mwanaume. Bila viti, magari hayakukamilika, na kiwanda kikakwama. Waziri wa ajira, Barbara Castle, akawaita, wakarudi kazini kwa asilimia 92. Sheria ya malipo sawa ikapitishwa mwaka 1970. Insha nyingi huishia hapo kwa shangwe. Lakini dai lao la kwanza lilikuwa daraja: kushona kutambuliwe kuwa ni ujuzi. Hilo walilipata mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. Kwangu mimi, miaka hiyo 16 ina mafunzo zaidi kuliko sheria yenyewe.

La tatu huandikwa kana kwamba lilizuka madarasani. Soma makala ya 1989 ya Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, uone imejengwa juu ya nini: kesi za kazi. Katika mojawapo, wanawake weusi waliopunguzwa kazini katika kampuni ya magari ya General Motors waliambiwa na mahakama wachague, washitaki kama weusi au kama wanawake, si vyote kwa pamoja. La nne nitalipita haraka. Jueni tu kwamba Tarana Burke alianza kazi yake ya Me Too ("mimi pia"), ya kupinga unyanyasaji wa kingono, mwaka 2006, akiwa na wasichana weusi, miaka 11 kabla ya waigizaji wa Hollywood kuivumisha.

Anayetafuta mada ya insha ndefu aitazame Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha huko London. Mgomo wake ulianza Agosti 1976 ukadumu karibu miaka 2, na wagomaji wakashindwa. Kiongozi wao, Jayaben Desai, alizaliwa India na aliishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, na wenzake wengi walikuwa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki. Jedwali halina safu ya kuwaweka. Ukipata wasaa, anza na madai waliyoyapeleka kwa chama chao cha wafanyakazi, kisha uone chama hicho kiliwatendea nini mwishoni.