Wasomaji wanauliza: Zelda II, ndugu asiyefanana na nduguze

SWALI: Gemu ya kwanza ya Zelda, ile ya Nintendo, nimeimaliza mara tatu. Ya pili, The Adventure of Link, imenishinda kabla ya kasri la pili. Gemu ni mbaya, au mimi ndiye sijui kuicheza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Si mbaya, ina kanuni zake. Ile ya 1986 unaitazama kutoka juu karibu mwanzo hadi mwisho. Hii, iliyotoka Japani Januari 1987 na kufika Marekani Desemba 1988, hukuonyesha ramani tu kutoka juu. Ukigusana na adui, au ukiingia kijijini, pangoni au kasrini, unatazama kwa ubavu, na maisha yako yanategemea upanga mfupi na ngao. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na Nintendo yenyewe ilirudi kwenye mtazamo wa juu katika Zelda iliyofuata, ya 1991. Sisi tuko upande wa wanaoipenda, kwa sababu hakuna Zelda nyingine ya enzi hizo ambayo kupigana ni ufundi kiasi hiki.

Ufundi wenyewe ni huu. Link, shujaa unayemwendesha, akisimama, ngao inakinga kifua. Akichuchumaa, inakinga miguu. Ironknuckle, yule askari wa mavazi ya chuma, anafanya vivyo hivyo, akipandisha na kushusha ngao yake kukufuata. Ukimvamia huku ukibonyeza kitufe cha B ovyo, atakumaliza. Kaa umbali wa upanga, ruka, kisha choma unaposhuka ili ncha imfikie kichwani wakati ngao yake ipo chini. Rudi nyuma hatua moja, rudia.

Kosa la pili la wageni ni pointi za uzoefu. Ngazi ya kwanza ya uhai inagharimu pointi 50, uchawi 100, upanga 200. Dirisha likifunguka kwenye 50, karibu kila mtu huchukua uhai. Usiuchukue. Chagua CANCEL, kusanya hadi 200, uanze na upanga, kwa kuwa adui anayekufa kwa mapigo machache hapati muda wa kukuumiza. Tena, ukiweka kito kwenye sanamu mwishoni mwa kasri, gemu hukujazia pointi hadi ngazi inayofuata, hata kama zimebaki 10 tu. Kwa hiyo ukiona umekaribia kupanda, ua maadui kwanza upande, ndipo uweke kito. Hapo utapewa ngazi nzima bure.

Wanaoilaumu wana haki kwenye jambo moja. Roho zako tatu zikiisha, pointi zote ulizokuwa umekusanya zinafutwa (ngazi zinabaki) na unarudishwa Kasri la Kaskazini, alikolala binti mfalme Zelda, utembee upya. Ni adhabu nzito mno. Ipunguze kwa kutoingia kasri jipya ukiwa na roho moja na pointi nyingi mkononi. Vile vinyago vidogo vya Link vinavyoongeza roho navyo uvihifadhi kwa ajili ya mwisho wa safari, maana kikishachukuliwa hakirudi.

SWALI: Mapango ya Death Mountain yananiua kila siku. Kuna njia?

JIBU: Ipo, ila inaanzia mbali na mlima. Usipande bila mshumaa wa Kasri la Parapa, maana mapango ni giza tupu. Chukua pia uchawi wa aina tatu: ngao (kijiji cha Rauru), kuruka (kijiji cha Ruto) na uhai (kijiji cha Saria). Mzee wa Ruto hakufundishi mpaka uirudishe sanamu yao iliyoibwa, iliyo pangoni katika jangwa la Tantari. Saria kuna kioo kimepotea, kitafute chini ya meza ndani ya nyumba mojawapo. Na mlinzi wa daraja la Saria hakuruhusu kuvuka bila barua ya Bagu, anayeishi amejificha msituni kaskazini ya kijiji.

Wanaokuua mlimani ni Daira wenye mashoka. Shoka linalorushwa halizuiliwi na ngao ya mkononi, na hapo ndipo wengi hukosea, wakisimama kulisubiri. Washa uchawi wa ngao mara tu unapoingia pangoni, si baada ya kuumia: unapunguza madhara kwa nusu na unadumu mpaka utoke eneo hilo. Shoka liruke, kisha msogelee adui kabla hajarusha jingine. Unachokwenda kuchukua ni nyundo, upande wa kusini. Ukishaipata, hata ukifa, inabaki yako.

SWALI: Thunderbird, adui wa kasri kuu la mwisho, haumii kabisa. Gemu yangu ina hitilafu?

JIBU: Haina. Mpige kwanza kwa uchawi wa radi, unaofundishwa kijiji cha Kasuto ya zamani, ndipo upanga umfikie kichwani. Uchawi huo unakula sana, basi ongeza ngazi ya uchawi kabla ya kuingia. Ukifa ndani ya kasri hilo kuu unaanzia humohumo. Baada yake, kivuli cha Link: chuchumaa kona ya kushoto, choma bila kuacha.

SWALI: Kaseti yangu ya zamani ya gemu hii haihifadhi tena. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Betri imekwisha. Ifungue kaseti kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kwa kuwa ya kawaida itaharibu vichwa vya skrubu. Ndani kuna betri bapa ya aina ya CR2032. Nunua yenye miguu iliyolehemiwa kiwandani. Usilehemu juu ya betri tupu, joto huiharibu na linaweza kuipasua. Andika upande wa chanya ulipo kabla ya kuitoa. Kazi ulizohifadhi zitapotea, hilo halikwepeki. Safisha pini kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke.

Kuanzia hapo, shikilia kitufe cha RESET unapozima mashine. Umeme unaposhuka ghafla, chipu inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu, na betri mpya haitakusaidia kitu.