Zuia hiyo ruta mpya kwanza, angalia waya

Ndugu yangu, umesema kompyuta tatu za upande wa akaunti hazina neti tangu asubuhi na bosi ashaanza kuulizia bei ya ruta mpya, tafadhali mzuie kwanza. Kama wengine ofisini wako na neti basi ruta ni nzima, shida iko hapo katikati, na mara nyingi ni ile swichi ndogo ya chini ya meza, kile kiboksi kinachogawa neti kutoka kwa ruta kwenda kwa kompyuta kadhaa. Piga magoti uangalie kama taa zake zinawaka. Stima ilipotea usiku? Ama anayesafisha alichomoa plagi kwa ekstensheni akasahau kurudisha, hii nimeiona sana hapa Nairobi, kuna ofisi moja Westlands tulimaliza masaa matatu tukichezea setingi kumbe waya umetoka nusu, kile kiklipu chake cha plastiki kilikuwa kimevunjika na ukiuangalia kwa macho tu unaona uko sawa. Usiuangalie tu, usukume mpaka ulie "klik".

Taa zikiwa sawa, angalia anwani ya IP, ile namba ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254 jua kompyuta imejipa yenyewe, haijajibiwa na ruta, kwa hivyo mara nyingi bado ni waya ama swichi. Ikiwa ni ya kawaida, piga ping (ile amri ya kutuma ujumbe mdogo uone kama upande wa pili unajibu) kwa ruta halafu kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Hiyo ya pili ikijibu na tovuti bado hazifunguki, hapo sasa mara nyingi ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP.