Usiimwage hiyo chupa kwanza, nenda hospitali na mikono inavyotetemeka

Kamwene binti yangu wa Uyole. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, na kwa vile umeniruhusu naomba niwaeleze wenzetu kwa ufupi.

Una miaka 36, mhasibu, una mume na watoto 2. Miaka 3 iliyopita we na mdogo wako mlikuwa kwenye basi mnatoka Makambako, breki zikagoma kwenye mteremko, mdogo wako alikuwa dirishani kwasababu ulimwachia siti yako, yeye akafariki we ukatoka na mkono uliovunjika. Tangu siku hiyo hupandi basi, kwenu kukiwa na msiba unasubiri treni ya TAZARA hata ikichelewa mpaka usiku wa manane. Konyagi ilianza kichupa kimoja upate usingizi, sasa unazimua saa 11 alfajiri watoto hawajaamka na usipozimua hata kalamu haishikiki. Kazini hakuna anayejua, hesabu zako unazipitia mara 4 na hazijawahi kupishana hata shilingi, nyumbani unadeki asubuhi na jioni, sare za watoto unapiga pasi mpaka soksi. Wiki iliyopita mumeo kaikuta chupa nyuma ya debe la unga. Na sasa una mpango: Jumapili ukitoka ibadani unamwaga yote, unajifungia siku 7 kwa maombi, ukishakuwa msafi ndo uende kwa mwanasaikolojia, kwasababu hutaki akukute ukiwa hivyo.

Mwanangu, huo mpango wako ndo ulioninyima usingizi mimi, kuliko hata chupa yenyewe.

Watu wengi wanaiogopa arosto ya unga wa heroini, yale mateso ya mwili ukinyimwa ulichokizoea, lakini kwa uhai wa mtu arosto ya pombe ni ya hatari zaidi, na wengi hawalijui hili. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya masaa machache, wengine ndani ya siku 2 za mwanzo wanapata degedege, na kuanzia kama siku ya 2 mpaka ya 4 kuna wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona vitu visivyokuwepo, moyo unakimbia, homa inapanda, na bila matibabu mtu anaweza kufa. Kaka yangu kule Ilula alikuwa mtu wa gongo, akaamua mwenyewe kuacha siku moja, siku ya pili akaanguka kama mwenye kifafa na ya tatu akawa anafukuza kuku ndani ya nyumba na kuku hawapo, sisi tukasema karogwa, tukapoteza siku nzima kwa mganga wakati mtu anahitaji drip na daktari. Alipona, ila mpaka leo nikikumbuka ile siku naumia. Kwahiyo ukisema mikono inatetemeka usipozimua mi nasikia kaka yangu anaongea. Hospitali wanakupa dawa za kuutuliza ubongo, wanazipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wanakupa na vitamini B1 kwasababu pombe inaimaliza mwilini, na wanakuangalia. Maombi endelea nayo, mchungaji akuombee na mimi nakuombea, ila kujifungia ndani peke yako hapana.

Sasa nije kwenye lile neno lako "nikishakuwa msafi". Nimelisoma mara nyingi. Unataka kwenda kwenye tiba ukiwa umeshapona, kama vile unavyodeki kabla mgeni hajapiga hodi. Yule mtaalamu kazi yake ni kukukuta hivyo hivyo ulivyo, na ukijipanga ukamwonesha hesabu zilizonyooka atatibu nini? Naona hiyo hali ya kutaka kila kitu kiwe mia kwa mia haiko mbali na ile ajali. Siku ile kitu kikubwa kilitokea na hukuwa na uwezo wowote juu yake, tangu hapo umeshika kila ambacho mkono wako unafika, senti, sakafu, soksi, na usiku ambapo hakuna cha kushika ndo konyagi inaingia. Mi sio daktari wako na naweza kukosea, lakini mweleze mtaalamu hivi vitu vitatu kwa pamoja, pombe, ajali na huko kutaka mia kwa mia, usimpe pombe tu ukaficha vingine. Zamani wengi walikuwa wanaambiwa acha pombe kwanza ndo tuje kwenye kiwewe, siku hizi vinaweza kutibiwa kwa pamoja, na kwako naona ndo inavyofaa.

Umeuliza kama utaonekana kichaa, kama watu watasema unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Hapana mama. Hali hii ya tukio kurudi kichwani, ndoto, kushtuka ukisikia breki za lori, kukwepa barabara, madaktari wa Marekani waliipa jina rasmi, PTSD, kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980 baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita ya Vietnam, na wale walikuwa wanaume wa shoka. Hospitali ya rufaa ya kanda hapo hapo Mbeya ina huduma za afya ya akili, unaingia kama anayeenda kliniki ya presha, na unachosema kinabaki siri.

Na tiba yenyewe ni mazungumzo, mara nyingi mara moja kwa wiki, kama dakika 50 hivi. Hawatakukamata siku ya kwanza wakuambie haya simulia ajali. Wanaanza na usingizi, pumzi, namna ya kujirudisha ulipo pale harufu ya dizeli inapokurudisha kwenye lile basi, taja vitu 5 unavyoviona, gusa kiti, kanyaga chini. Baadae, mkishazoeana, ndo mnaanza kuisogelea ile siku kidogo kidogo mpaka ikae kama kitu kilichopita, maana kwa sasa kichwani kwako bado inatokea. Na ile siti mtaizungumza. Ulimpa mdogo wako dirisha kwasababu ulimpenda na alitaka kuangalia nje, breki hukuzigusa wewe. Najua kulisoma hapa halikuingii, ndo maana nataka ulisikie tena na tena mbele ya mtu anayejua kukaa na machozi.

Kuhusu ile hali ya mia kwa mia watakupa mazoezi utakayoyachukia, kama kuacha vyombo vilale bila kuoshwa, au kutuma ripoti uliyoipitia mara moja tu. Fanya. Hapo ndo penye hatari yako kubwa kwenye pombe pia, maana mtu wa namna yako akiteleza akanywa glasi moja baada ya miezi 2 anasema basi nimeharibu kila kitu, anamaliza chupa. Ukiteleza, mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo, miezi yako 2 haijafutika.

Jumatatu mumeo akusindikize, umesema hakufoka alipoiona chupa, alikaa tu kitandani akakuuliza tangu lini. Huyo ni mtu wa kwenda naye. Beba kadi ya bima, mapokezi sema nakunywa kila siku na nisipokunywa natetemeka. Ukianza degedege au kuona vitu kabla ya Jumatatu, asisubiri, akupeleke emajensi usiku huo huo. Na ile chupa ya nyuma ya debe usiimwage Jumapili, ataimwaga mumeo siku daktari akishasema sasa mwage.