Thieta ya Kutwa: Tengeneza Hewa Kwanza, Sola Baadaye

SWALI: Nina kiwanja Dodoma. Nataka kujenga kituo chenye thieta mbili za upasuaji, mgonjwa aingie asubuhi na jioni arudi kwake: ngiri, mtoto wa jicho, vivimbe vidogo. Mkandarasi anasema nifunge viyoyozi vya ukutani, kisha nijaze sola juu ya paa. Inatosha? (Daktari, Dodoma)

JIBU: Haitoshi, Dakta. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ileile ya chumbani na kuizungusha. Hakileti hewa ya nje, hakijengi shinikizo la kuzuia vumbi lisiingie, na ndani yake mna unyevu unaokuza ukungu, ambao feni inaupuliza juu ya kidonda.

Kiwango cha ASHRAE 170, cha chama cha wahandisi wa hewa na upozaji cha Marekani, kinataka hewa ya thieta ibadilishwe mara 20 kwa saa, mara 4 kati ya hizo kwa hewa ya nje, na shinikizo la ndani lizidi la korido kwa paskali 2.5 au zaidi. Thieta ya mita 6 kwa 6 yenye dari ya mita 3 ina mita za ujazo 108. Zidisha kwa 20: mtambo wako lazima usukume mita za ujazo 2,160 kila saa kwa kila thieta. Hewa iliyochujwa ishuke kutoka darini juu ya meza ya upasuaji, ivutwe kupitia matundu yaliyo chini ukutani.

Umeme mwingi unaliwa hapo, kwa hiyo ubane hapo. Ukifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 5, thieta zinakaa bure saa 118 kati ya 168 za wiki. Agiza feni zenye kidhibiti mwendo: mwendo ukipungua nusu, umeme wa feni unashuka hadi karibu moja ya nane. Lakini usizime kabisa, maana shinikizo likiisha vumbi linaingia. Weka kipima shinikizo mlangoni, muuguzi akisome kabla ya mgonjwa wa kwanza. Likishindwa kupanda, kagua mlango usiobana, matundu ya nyaya yasiyozibwa juu ya dari, au kichujio kilichoziba.

Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini. Jua la saa kumi likipiga madirisha ya magharibi, mtambo wa kupoza utahenyeka bure.

SWALI: Jenereta tunayo. Betri za nini tena? (Msimamizi wa zahanati, Moshi)

JIBU: Jenereta inachelewa sekunde kadhaa kuwaka, na siku nyingine haiwaki. Orodhesha visivyoweza kusubiri: taa ya upasuaji, mashine ya usingizi, monita, mashine ya kufyonza. Vikifika kilowati 3 na upasuaji mrefu kuliko wote ni saa 2, unahitaji kilowati-saa 6. Betri ya lithiamu unayoitumia hadi asilimia 80 basi iwe ya 7.5. Otokilevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke) usiiunganishe humo. Iendeshe mchana, sola zikiwa na nguvu.

SWALI: Muuzaji anataka kutandaza mabomba ya oksijeni na ya naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi. (Mwekezaji, Mwanza)

JIBU: Ya oksijeni, sawa. Ya naitrasi, kataa. Mabomba yake huvuja kimyakimya, na gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksaidi. Daktari wa usingizi akiihitaji, mtungi mdogo kwenye mashine unatosha, nao ufungwe kila kazi ikiisha.