Kurudisha baiskeli ya milimani ya 1990 ilivyotoka kiwandani: usianze na rangi

Mkuu, nimekuelewa: una fremu ya mabomba ya chuma ya Tange Prestige, vifaa vingi ni Deore XT (seti ya vifaa ya kampuni ya Shimano) ya gia saba nyuma, lakini kuna mtu aliipitia baadaye akaifunga uma wa shoksi na V-breki, yaani breki za mikono mirefu. Unataka irudi kama ilivyotoka kiwandani, na unauliza kama uanze kwa kuipiga rangi upya. Hapana. Tena nakuomba usiipige msasa hata sehemu moja mpaka uwe umemaliza kuisoma.

Kuisoma kwenyewe ni hivi. Shimano walikuwa wakigonga herufi mbili ndogo kwenye vifaa vyao. Ya kwanza ni mwaka, kuanzia A ya 1976, kwa hiyo N ni 1989 na O ni 1990. Ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Ukikuta NJ mgongoni mwa kibadili gia cha nyuma, ujue kilitengenezwa Oktoba 1989. Angalia pia upande wa ndani wa mikono ya kranki na mgongoni mwa mikono ya breki. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mulika tochi kwa ubavu, maana herufi zenyewe ni ndogo na ukimulika usoni hazionekani. Ziandike zote. Baiskeli ambayo haijachezewa herufi zake hukaa karibu karibu, na toleo la 1990 mara nyingi hubeba vifaa vya mwishoni mwa 1989. Kimoja kikijitenga na kusema PF, yaani Juni 1991, hicho ndicho cha kuulizia kilifikaje hapo.

Katalogi za zamani zitakusaidia, lakini usizifuate kama sheria. Watengenezaji walibadilisha vifaa katikati ya mwaka bila kumwambia mtu, na wenyewe waliandika hivyo kwenye katalogi zao. Herufi zikikubaliana zenyewe kwa zenyewe na kupingana na katalogi, mimi naiamini baiskeli.

V-breki za Shimano hazina mjadala, zilikuja 1996. Ziondoe pamoja na levya zake, yaani vishikio vya breki vya kwenye usukani, kwa sababu levya ya V-breki huvuta waya mrefu kuliko ya kantileva, breki za aina ya zamani zilizotangulia V-breki. Ukichanganya levya hizo na kantileva, breki itakuwa ngumu mkononi na haitauma.

Uma ndio kazi kubwa, na hapa nakushauri uwe mvumilivu kuliko sehemu nyingine yoyote. Fremu ya wakati ule ilichorwa kwa uma mgumu usio na shoksi, mfupi. Uma wa shoksi ukiinua mbele kwa milimita 20 hivi, pembe ya usukani inalala kwa karibu digrii moja, ekseli ya kranki inapanda, na baiskeli iliyokuwa nyepesi kugeuka inaanza kutangatanga kwenye mlima. Watu wengi wanazisema vibaya baiskeli hizi kumbe hawajawahi kuendesha yenye uma wake. Unapotafuta, pima vitu vitatu: kipenyo cha bomba la uma linaloingia kwenye fremu (kuna inchi 1, inchi 1 na moja ya nane, na inchi 1 na robo), urefu wa bomba hilo, na urefu wa nyuzi zake. Bomba refu linakatwa, ila nyuzi zikiishia juu mno hedseti (beringi za usukani) haitashuka mpaka chini. Bomba fupi liache hapo hapo, hata muuzaji akuapie.

Kabla hujafika mbali, jaribu kutoa bomba la kiti. Alumini ikikaa ndani ya chuma miaka mingi bila grisi, hung'ang'ana kana kwamba zimechomelewa. Niliwahi kupata moja ya namna hiyo, na kilichoitoa ni subira. Ng'oa ekseli ya kranki, geuza fremu miguu juu, mimina mafuta ya kupenya kutokea chini yashuke mpaka kwenye alumini, uache siku kadhaa ukiongeza kila jioni. Halafu bana kichwa cha bomba kwenye jiliwa na uzungushe fremu yenyewe kama usukani. Mlio wa kwanza unatisha, unadhani fremu imepasuka, kumbe ni ule ukoko mweupe unaoachia. Likitoka, soma kipenyo kilichogongwa ubavuni. Milimita 27.2, 26.8 na 26.6 zinafanana kwa macho, na bomba jembamba kwa kiasi hicho kidogo tu litapinda mdomo wa fremu pale unapokaza.

Vibadili gia vya kwenye usukani usivitupe kwa sababu havishiki. Vile vya kubonyeza vya miaka hiyo vina grisi iliyokauka ikawa gundi, na kijino kidogo cha ndani kinashindwa kurudi kwenye meno yake. Puliza kisafishio cha breki kupitia tundu la waya, bonyeza, puliza tena, endelea kubonyeza. Mwanzoni kidole kinazama bila jibu. Baadaye utasikia mlio mmoja hafifu, kisha miwili, mpaka gia zote saba zinajibu. Malizia kwa mafuta mepesi. Grisi nzito usirudishe humo.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu, ni za gololi na koni (vipande vya kwenye ekseli ambavyo gololi huzungukia). Gololi weka mpya siku zote: nyuma robo inchi, tisa kila upande, mbele tatu ya kumi na sita, kumi kila upande. Koni zenye vishimo badilisha. Acha mchezo mdogo sana kwenye ekseli kabla ya kuifunga, kwa sababu kifungio cha haraka kikibana kinaumaliza.

Sasa rangi. Kama stika bado zinasomeka, ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ondoa kutu ya juu juu kwa asidi ya oksaliki ukiwa na glavu, ukiwa umejaribu kwanza chini ya kranki, kisha paka nta. Mikwaruzo iache. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na stika za kuchapisha upya mtu anayezijua anazitambua akiwa mbali. Ndani ya mabomba nyunyiza mafuta ya kuzuia kutu.

Matairi, waya, cheni na raba za breki nunua mpya bila kujilaumu, vimeumbwa kuisha. Tafuta tu matairi ya inchi 26, yale yanayoandikwa 559 (kipenyo cha rimu kwa milimita), yenye ubavu wa rangi ya ngozi kama yalitoka hivyo. Kwenye kranki, gia, breki na habu mimi nachagua kifaa cha asili kilichochakaa kuliko kizuri cha mwaka mwingine.

Weka hapa herufi ulizozikuta, kipenyo cha bomba la kiti, na picha ya chini ya fremu penye namba yake. Tukishaona hizo, tutajua uma wa kutafuta.