Mwanangu, kuhusu hisa zako na hela ya siasa

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, hivi hii kampuni niliyonunua hisa inaweza kuchukua hela ikaingiza kwenye siasa bila hata kuniuliza?" nikakwambia subiri nikuandikie, maana siyo jambo la kujibu juujuu. Inaweza. Huko Marekani uliko hakuna sheria ya shirikisho inayoilazimisha ikuombe ruhusa, wala ikwambie hela yote imeishia wapi.

Kampuni kumchangia mgombea wa urais au wa Congress (bunge la Marekani) moja kwa moja ni marufuku tangu 1907, na hiyo bado ipo. Ila 2010 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Citizens United, majaji 5 kwa 4, ikasema kampuni ikitumia hela yake kwenye matangazo ya kampeni bila kupanga na mgombea isizuiwe. Jaji Kennedy aliyeandika hukumu akasema mwanahisa asiyeridhika atawabana viongozi wake kwa taratibu za ndani ya kampuni, na intaneti itamwonyesha matumizi. Hapo ndo huwa naumia, kwasababu utambanaje mtu kwa kitu usichokiona? Hela inapitishwa kwenye vyama vya wafanyabiashara na taasisi zisizo za faida ambazo mara nyingi hazilazimiki kumtaja mchangiaji, ikitokea upande wa pili haina jina la mtu.

Angalia yaliyotokea Ohio kwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy, yaani takriban dola milioni 60 zilipita kwenye taasisi ya namna hiyo iliyokuwa mkononi mwa Spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, ili ipite sheria ya kuokoa mitambo 2 ya nyuklia. Julai 2020 akakamatwa, hisa zikaporomoka, mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 230, na 2023 yeye akahukumiwa miaka 20. Sasa fikiria mwanahisa mdogo kama wewe aliyekuwa kalala zake nyumbani, hela ya kampuni yake imetumika, faini imetoka humohumo, na hisa imeshuka, na hakuna siku aliyoulizwa kitu.

Watu wamejaribu. 2011 maprofesa wa sheria waliiomba SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, iweke kanuni ya kampuni kutangaza matumizi haya, na maoni yaliyopelekwa yakapita milioni 1. Mwishoni mwa 2015 Congress ikachomeka kipengele kwenye sheria ya bajeti kuizuia tume isiikamilishe kanuni hiyo. Na usiambiwe kwamba haiwezekani, Uingereza kampuni ikitaka kuchangia siasa zaidi ya pauni 5,000 ndani ya miezi 12 inabidi kwanza wanahisa wapige kura.

Ile picha ya karatasi ya kura ya mkutano wa wanahisa uliyonitumia nimeikuza nikaisoma vizuri. Kuna pendekezo la mwanahisa kutaka ripoti ya matumizi ya kisiasa, na pembeni yake bodi imeandika inapendekeza mpige HAPANA. Usije ukasaini tu ukairudisha bila kuweka alama, maana hapo kura yako inahesabiwa kama bodi ilivyopendekeza. Weka NDIYO mwenyewe. Ni kweli hata pendekezo likishinda bodi kwa kawaida haifungwi nalo kisheria, ila wakurugenzi nao wanapigiwa kura kwenye mkutano huohuo, na kuna kampuni nyingi zimeanza kutangaza matumizi yao baada ya kusukumwa hivihivi na wanahisa.

Zile hela zako za pensheni ni habari nyingine, huko mwenye hisa ni mfuko na meneja wake ndo anapiga kura. Lakini kama ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja (mutual fund), unatakiwa kutangaza kila mwaka ulipigaje, kwahiyo tafuta jina la mfuko wako unitumie, nami nitaangalia walipiga nini kwenye mapendekezo kama haya.

Mama yako