Ufunguo wa tawi kuu apewe nani?

Miradi mingi ya programu huria hufia mikononi mwa mtunzaji mmoja. Maombi ya kuunganisha, yaani mabadiliko ambayo wachangiaji wanataka yaingizwe, yanarundikana, kwake Kadutu, mjini Bukavu, umeme umekatika au mega za intaneti zimemwishia, na waliochangia wanangoja mpaka wanachoka. Kwa hiyo ruhusa ya kuandika kwenye hazina ya msimbo, hasa kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ambamo kazi zote huunganishwa, lazima igawanywe. La kuamua ni apewe nani, na ufunguo huo ufungue nini.

Wengi huhesabu viraka, yaani mabadiliko ya msimbo aliyoyaleta mtu: kumi vikiunganishwa, mtu ameiva. Hesabu hiyo haitoshi. Viraka kumi vya kusahihisha Kifaransa cha menyu havionyeshi atafanya nini siku kiraka cha mwenzake kitakapofuta jedwali la hifadhidata. Sisi tunatazama zaidi anavyokagua kazi ya wengine. Mpe maombi ya wenzake ayasome kabla ya kumpa ruhusa yoyote. Je, anashusha tawi la ombi, yaani nakala yenye mabadiliko hayo, na kuliendesha kwenye mashine yake, au anaandika "iko sawa" baada ya dakika mbili? Anauliza majaribio yako wapi? Kiraka chake kikikataliwa, anarudi na marekebisho au anasusa? Kwa mradi mdogo, miezi mitatu hadi sita ya kumtazama hivyo inatosha. Ukimngojesha mwaka mzima bila sababu unayoweza kumweleza wazi, ataondoka, na atakuwa na haki.

Kama hazina iko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, chini ya akaunti ya mtu binafsi, hakuna ngazi za kutosha: kuna mwenye hazina na washiriki wanaoandika, basi. Ihamishieni kwanza kwenye akaunti ya shirika, ambayo ni ya bure, mpate ngazi tano, kuanzia kusoma tu hadi usimamizi wote. Mgeni aanze na ile ya pili, ya kupanga na kufunga ripoti za hitilafu bila kugusa msimbo. Mwaliko huisha muda baada ya siku 7. Kama mwenzenu wa Goma hakuwa na mtandao wiki hiyo, tumeni tena, msidhani amekataa.

Hasara kubwa kwetu huletwa na mtu mwema aliyekaa siku nyingi bila mtandao. Anarudi na kazi yake, anaandika git push, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) ya kusukuma kazi kwenye hazina, inakataliwa kwa sababu tawi kuu limeshasonga mbele. Kwa haraka ya kumaliza kabla umeme haujakatika tena, anaongeza --force, yaani kusukuma kwa nguvu. Hapo tawi kuu linafuata historia yake ya zamani, na kazi waliyounganisha wenzake inatoweka kwenye tawi hilo. Dawa yake ni git fetch, kuleta mapya ya wenzake, kisha git rebase, kuipanga kazi yake juu ya hayo mapya, kisha kusukuma upya. Lakini msitegemee kumbukumbu ya mtu: wekeni ulinzi kwenye tawi kuu kabla ya kualika yeyote. Zuieni kusukuma kwa nguvu, daini idhini ya mkaguzi mmoja angalau, na majaribio yapite kwanza. Wekeni alama pia kwenye kisanduku kinachowabana wasimamizi wenyewe, maana bila hicho wao hupita juu ya ulinzi. Kama maafa yameshatokea, aliyeshusha msimbo kabla ya hapo asivute tena. Kopi yake ndiyo ya kuokolea.

Ruhusa ya kuunganisha msimbo isiandamane na ruhusa ya kutoa toleo. Mwaka 2024 mlango wa siri uligunduliwa katika xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, na sehemu iliyouamsha ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo, haikuwa kwenye hazina ya Git. Subira peke yake haikumzuia. Kifurushi kijengwe na mashine kutoka kwenye hazina, na watu wawili wakubaliane kabla hakijatoka.

Kila mwenye ruhusa awe na uthibitishaji wa hatua mbili, kwa programu ya simu inayozalisha tarakimu kila sekunde 30. Hiyo hufanya kazi bila mtandao, ila saa ya simu iwe sahihi. Simu iliyozimika kabisa ikiwaka na saa mbaya, tarakimu zitakataliwa. Misimbo ya akiba ya kuingilia ichapwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibwa. Ufunguo wa SSH, faili linalomtambulisha mtu kwenye hazina, uwe na nenosiri lake, wala usiachwe kamwe kwenye kompyuta ya sibakafe.

Wasimamizi wakuu wawe wawili au watatu, wasikae mji mmoja. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini Kongo (RDC) kwa karibu majuma matatu. Wa Goma na Bukavu wanaweza kushika mtandao wa upande wa Rwanda. Wa Lubumbashi hayuko karibu hivyo na mpaka. Mmoja akiwa ng'ambo, afadhali.

Andikeni tangu mwanzo kwamba aliyekaa miezi sita kimya hushushwa ngazi, na hurudishwa akiomba, bila maswali. Anayeishi penye vita au penye mtandao uliofungwa asihesabiwe muda huo. Siku ya kumwondoa mtu, msiishie kwenye orodha ya washiriki. Badilisheni nenosiri la seva, funguo za kupakia matoleo na tokeni zote (misimbo ya kuingilia badala ya nenosiri) alizozijua, kwa maana hizo hubaki hai hata jina lake likishafutwa.